Saini ya Mama Febronia

Njoroge alifunga mlango kwanza, ndipo akamwonyesha mgeni wake kiti. Alikuwa Mkenya wa miaka hamsini na mitano, mwenye kampuni ya kusafirisha kahawa ng'ambo, na ghala lake pamoja na chumba cha kuonjea vilikuwa hatua mia tatu kutoka njiapanda ya Sonatubes. Katika miaka kumi na miwili ya kufanya biashara Kigali hakuwahi kukataliwa gunia hata moja. Mwezi ule wa Juni alikuwa amekataliwa mia tatu na ishirini.

Thomas Mutsinzi hakukaa. Tangu alipokuwa ofisa wa upelelezi katika polisi alizoea kupokea maelezo ya kwanza akiwa wima, daftari mkononi, na miaka tisa ya kufanya kazi binafsi haikumwondolea desturi hiyo. Alimwomba Njoroge aanze na mambo aliyoyaona kwa macho yake, kisha aliyoambiwa, na mwisho anayoyadhani, wala asiyachanganye.

Njoroge aliyachanganya. Mutsinzi aliyapanga upya kadiri yalivyotoka. Mwezi Machi kampuni ilisafirisha shehena namba arobaini na saba kwa mnunuzi wa Ulaya, ikiwa na cheti kilichosema kwamba kahawa hiyo haina kasoro. Mnunuzi alipoipokea aliionja katika vikombe ishirini, na vinne kati yake vikanuka viazi vibichi. Wenye kazi hiyo huiita ladha ya viazi. Ni kasoro ya kahawa ya ukanda huu wa Maziwa Makuu. Hukaa ndani ya punje moja yenye sura njema kama nyingine zote, wala jicho haliwezi kuiona. Pua ndiyo huigundua, kwa kuwa kikombe kilichochafuliwa na punje hiyo hunuka kama ganda la kiazi kilichomenywa sasa hivi.

"Wewe ni mtu wa chai, Afande," Njoroge alisema, "lakini hii hata mtu wa chai ataielewa. Kahawa yangu imenuka. Sampuli yangu iko safi. Basi hiyo sampuli haikutoka kwa hiyo kahawa. Kuna mtu aliibadilisha."

"Nani amesema sampuli ni safi?"

"Mama Febronia. Siku malalamiko yalifika, alifungua ile sampuli ya akiba tunaweka kabatini, akaionja tena mwenyewe. Na Mama akisema, imesemwa."

Mutsinzi aliliandika jibu hilo, akalipita bila kulihoji. Halikuwa kosa la uzembe. Mama Febronia alikuwa Mhaya wa Kagera, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, mwonjaji mkuu wa kampuni ile, na saini yake chini ya cheti iliwatosha wanunuzi wa mabara matatu. Zaidi ya hayo, miaka tisa iliyopita, Mutsinzi alipokuwa ameacha polisi na hana mteja hata mmoja, mama huyo ndiye aliyenusa magunia arobaini katika ghala la mtuhumiwa na kuyatenga sita yaliyoibwa, kisha akasimama mahakamani akaeleza sababu za kila gunia. Kesi ile ndiyo iliyoliweka jina la Mutsinzi midomoni mwa watu. Hakuwa na desturi ya kulipima upya neno la Mama Febronia.

Mshukiwa alikuwa Scovia Mukunde, msaidizi wake kwa miaka mitano. Yeye ndiye aliyezitoa sampuli ghalani na kuzipeleka chumba cha kuonjea, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la akiba. Njoroge alikwisha kumwandikia barua ya kumfukuza, pamoja na nakala ya chama cha wasafirishaji inayomtaja kuwa mbadilishaji wa sampuli. Barua hizo zingetoka Ijumaa saa sita mchana. Jina likishaingia katika orodha ya chama, hakuna chumba cha kuonjea kuanzia Kampala hadi Moshi ambacho kingemruhusu mwenye jina kushika kijiko. Mwezi Agosti Scovia alikuwa afanye mtihani wa leseni yake mwenyewe ya uonjaji.

"Sikuhitaji wewe kwa kumfukuza," Njoroge alisema. "Hiyo naweza. Nataka jina la mtu alimtuma."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mutsinzi alianza na mfuko wa sampuli, kwa kuwa mfuko hauna hofu wala upendeleo. Habimana, mtunza ghala, mtu wa miaka hamsini aliyejifunza Kiswahili kwa madereva wa malori, alimwonyesha bambo, chuma kile chenye ncha kinachochomekwa guniani ili punje zitiririke.

"Mimi natoboa kila gunia ya kumi, afande. Scovia iko hapa, mimi niko hapa. Tunagawa mara mbili, moja ya kuonja, moja ya akiba, tunapiga lakiri, tunasaini. Hakuna mtu anaenda kunywa maji kwanza."

Kitabu cha lakiri kilithibitisha maneno yake. Mfuko wa akiba ulifungwa tarehe kumi na mbili Machi kwa lakiri yenye namba iliyoandikwa na kutiwa saini mbili. Lakiri hiyo ilikatwa mara moja tu, na Mama Febronia, siku ya malalamiko. Kipande chake kilikuwa kimebandikwa kitabuni kando ya namba ya lakiri mpya. Mutsinzi alikilinganisha kipande hicho na namba iliyoandikwa Machi, kwa kioo cha kukuzia. Namba zilikuwa zile zile, na wino haukuguswa. Kwa hiyo, kama sampuli ilibadilishwa, ilibadilishwa kabla ya kufungwa, mbele ya macho ya Habimana. Aliandika majina mawili badala ya moja, akamwita Scovia.

Msichana alijibu vizuri, kwa ufupi, mikono ikiwa juu ya magoti. Alilelewa Mbarara, naye alizungumza Kiswahili cha tahadhari, akiyatafuta maneno. Alisema alikaanga sampuli tarehe kumi na tatu, akaiacha ipumzike kama ilivyo kanuni, na tarehe kumi na nne, siku ya kuonja, hakuwapo. Alikuwa Mbarara kwenye mazishi. Mutsinzi aliuliza ni nani aliyezikwa. Scovia alichelewa kidogo, kisha akasema nyanya yake.

Mutsinzi alimshukuru, akarudi ghalani. Habimana hakuhitaji hata kufikiri. Nyanya yake Scovia alifariki mwaka jana. Wafanyakazi wote walikwenda kumpa pole, na Habimana mwenyewe ndiye aliyeongoza sala.

"Labda alifufuka akafa tena," alisema, akacheka, kisha akauona uso wa mpelelezi akaacha kucheka.

Alipoulizwa mara ya pili, Scovia hakujaribu kujitetea. Tarehe kumi na nne alikuwa papa hapa Kigali, mtaa wa Kagugu, kwenye ofisi za msafirishaji mwingine. Alikwenda kuomba kazi.

"Unafahamu jambo hili linavyoonekana?" Mutsinzi alimuuliza.

"Nafahamu, Afande. Mimi si mwizi. Lakini kuna vitu si vyangu kusema."

Mpelelezi mwingine angeifunga kesi hapo. Kulikuwa na uongo, mshindani wa biashara na ufunguo wa kabati, na yote yalimwangukia mtu mmoja. Mutsinzi alipanda gari akaenda Kagugu.

Meneja wa kampuni ile, Shafiq, Mtanzania wa Tanga, alimpokea kwa adabu na kwa kahawa ambayo Mutsinzi hakuinywa. Alikumbuka vema. Msichana alifika saa tatu asubuhi, akaomba kazi yoyote ya kuonja, hata kwa cheo cha chini kuliko alichonacho. Shafiq alishangaa, akamuuliza kwa nini anamkimbia mwalimu bora kuliko wote nchini.

"Akanijibu jambo ambalo sikulipenda, bwana. Alisema anataka kuonja kwenye meza ambayo hakuna mtu anayemsubiri aseme kwanza. Nikaona ni majivuno. Nikamwambia arudi akishapata leseni."

Shehena namba arobaini na saba haikutajwa kamwe. Shafiq hata hakuwa na habari kwamba ipo.

Mutsinzi alirudi Sonatubes akiwa na sentensi hiyo moja, akamwomba Njoroge majalada yote ya fomu za kuonjea za miaka mitatu. Kabla hajaondoka nayo alipita ghalani kwa mara ya tatu, akamuuliza Habimana swali ambalo yeye mwenyewe aliona ni dogo. Alitaka kujua Mama Febronia ni bosi wa namna gani.

Habimana alimsifu. Mama amekuwa mpole siku hizi. Zamani alikuwa moto. Aliwahi kumrudisha nyumbani mkaguzi mzima kwa sababu ya manukato, na yeye Habimana alifukuzwa mlangoni mara nyingi kwa ajili ya mafuta ya kujipaka.

"Na sasa?"

"Sasa hapana. Ile siku mwanamke ya usafi alimwaga dawa ya choo pale mlangoni, mimi macho inatoka machozi. Mama anapita tu, anasalimia mwaramutse. Uzee imemfanya mtu mzuri."

Mutsinzi aliyabeba majalada hadi nyumbani kwake Niboye, akayapanga juu ya meza ya chakula jua likiwa bado juu. Karibu kila shehena ilikuwa na fomu mbili, ya Mama Febronia na ya Scovia. Alianza kwa kusoma maneno, kisha akaja kwenye alama.

Fomu za zamani za Mama zilikuwa na sauti yake. Katika moja aliandika kwamba kahawa ina harufu ya jani la mgomba lililonyeshewa. Katika nyingine, kamba mpya ya katani. Katika nyingine, chumba kilichofungwa chenye mapera. Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Kisha, kuanzia mwisho wa Novemba ya mwaka juzi, mapera na katani vilitoweka. Yalibaki maneno matatu, limau, asali na chai nyeusi, yakirudiwa kwa mpangilio tofauti, shehena baada ya shehena. Tangu tarehe hizo hizo, alama zake hazikupishana na za Scovia zaidi ya nusu alama. Awali walipishana hata alama tatu, na fomu zilibeba mabishano yao pembeni, kwa wino wa rangi mbili.

Alitenga siku ambazo Scovia hakuwapo. Zilikuwa tisa katika muda wa miezi kumi na tisa, na katika siku hizo Mama Febronia alionja peke yake shehena ishirini na tatu, ile namba arobaini na saba ikiwa mojawapo. Zote zilipata kati ya alama themanini na nne na themanini na tano. Hakuna hata moja iliyoonekana na ladha ya viazi, ilhali siku za kawaida kasoro hiyo ilijitokeza katika shehena moja kati ya sita.

Mutsinzi alifunga majalada. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatano asubuhi, akalisoma tena jibu la Njoroge alilolipita: Mama akisema, imesemwa. Shutuma nzima juu ya Scovia ilisimama juu ya neno moja, kwamba sampuli ya akiba ni safi. Na neno hilo halikuwa na shahidi mwingine ila ulimi wa mtu mmoja.

Alhamisi, saa nne asubuhi, aliwakusanya watatu katika chumba cha kuonjea: Njoroge, Scovia na Mama Febronia. Mama aliingia amevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, akamsalimia Mutsinzi kwa mikono miwili, akamuulizia watoto wake kwa majina. Alikumbuka kwamba wa pili alikuwa na pumu.

Mutsinzi alikata lakiri ya mfuko wa akiba mbele yao. Scovia alikaanga punje chache, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuzipumzisha, Mutsinzi aliliandika hilo kama dosari ya jaribio. Kila kikombe kilisagiwa punje zake peke yake, ili punje mbovu isichafue jirani yake. Vikombe ishirini viliwekwa mezani kwa safu mbili na kupewa namba.

Mama Febronia alisema kwa upole kwamba katika chumba chake wadogo husema kwanza, ili wasitishwe na maneno ya wakubwa. Aliianzisha desturi hiyo mwenyewe, na wageni wengi waliisifu.

"Leo hatutasema, Mama," Mutsinzi alisema. "Leo tutaandika."

Aliwapa kila mmoja kipande cha karatasi, naye akachukua chake. Kila mtu angepita kwenye meza, anuse, aandike namba za vikombe vyenye kasoro, akunje. Njoroge alipita wa kwanza, akinusa kwa haraka kama mtu anayekagua nyama buchani. Kwenye kikombe cha tatu alisimama. Alirudi nyuma hatua moja, akanusa cha pili, akarudi kwenye cha tatu. Kisha akamtazama Mama Febronia, akaandika.

Mutsinzi alipita wa pili. Hakuwa na pua ya kazi hiyo, lakini hakuihitaji. Kikombe cha tatu kilinuka jiko la bweni siku ya zamu ya kumenya viazi. Cha kumi na moja vilevile. Scovia alipita kwa mwendo wake wa kawaida, akainama, akaandika, macho yakiwa chini muda wote.

Mama Febronia alipita wa mwisho. Aliinama juu ya kila kikombe kwa muda ule ule, wala hakuruka hata kimoja. Utaratibu wake ulikuwa kamili. Alipofika mwisho wa safu alisimama na karatasi yake, akasikiliza. Mutsinzi alielewa anachosikiliza: pumzi za watu, kiatu kinachosogea, chochote. Hakuna aliyesogea. Aliandika kitu, akakunja karatasi, akamkabidhi mpelelezi.

"Usiifungue mbele yao," alisema.

Mutsinzi aliitia mfukoni. Aliwaomba wengine wawili watoke, na Njoroge, ambaye katika nyumba yake hakuzoea kutolewa, alitangulia.

Karatasi haikuwa na namba yoyote. Ilikuwa na saini yake, ile ile iliyokuwa chini ya cheti, na tarehe ya siku ile.

"Tangu lini, Mama?"

"Novemba ya mwaka juzi. Homa ya siku sita."

Alieleza bila kuulizwa zaidi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Homa ilipoondoka iliondoka na harufu. Ulimi ulibakiwa na chumvi, uchachu na uchungu. Mengine yote yalifungwa. Daktari alimwambia huenda ikarudi. Kila alfajiri alifika kabla ya wafanyakazi, akafungua kopo la karafuu, la siki, na la vitunguu, akainama juu yake. Alisubiri mwezi, akasubiri mwaka. Wakati huo vyeti viliendelea kuhitajiwa, naye akaendelea kutia saini.

"Scovia alijua?"

"Sikumwambia, naye hakuniuliza. Lakini mwanzoni mwa mwaka jana alianza kusema kwa sauti kubwa zaidi, na polepole."

"Na ulipoionja hii ya akiba ukasema ni safi. Ulijua ni nani atakayelaumiwa?"

Mama Febronia alikipanga kijiko sambamba na ukingo wa meza. "Nilijua siku ya pili yake."

"Leo ni siku ya tisa."

"Naweza kuhesabu, Mutsinzi." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Nimebakiza miezi saba nistaafu. Wakulima elfu mbili wanauza kwa bei nzuri kwa sababu ya jina hili, nawe unalijua hilo. Scovia ni kijana, ana pua nzuri kuliko niliyokuwa nayo katika umri wake. Atapata mlango mwingine."

"Hakuna mlango mwingine. Barua ya Njoroge inaifunga yote, kesho saa sita."

"Na wa kwako, baba? Mlango wako nani aliufungua?"

"Wewe," Mutsinzi alisema. "Kwa ushahidi wa kweli."

Mama alilitazama jibu hilo kana kwamba limewekwa mezani kati ya vikombe, kisha akavua koti jeupe, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Mutsinzi alimweleza njia zilizokuwapo. Angeweza kuandika maelezo yake mwenyewe, na Njoroge ayapate kabla ya saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Au angeweza kuiacha ripoti iseme peke yake. Kwa vyovyote ripoti ingeandikwa, na shehena zile ishirini na tatu zingetajwa moja moja.

Aliomba karatasi. Aliandika kurasa tatu kwa mkono, bila kufuta neno. Alipomaliza alimwomba Mutsinzi jambo moja, kwamba katika ripoti aandike kuwa Mama Febronia alikosea. Mutsinzi alimjibu kwamba Novemba alikosea na mwezi huu alisema uongo, na ripoti ingetaja yote mawili kwa tarehe zake. Mama aliinamisha kichwa. Alipokuwa mlangoni aligeuka, akasema kwamba pumu ya mtoto isitibiwe kwa mvuke wa majani, apelekwe hospitali. Kisha akatoka. Mutsinzi alimsikia Habimana akimsalimia uani, na Mama akimjibu kama kawaida.

Ijumaa asubuhi Njoroge aliisoma barua ya kurasa tatu akiwa amesimama dirishani. Alizichana barua zote mbili alizokuwa amemwandikia Scovia, ya kumfukuza na nakala ya chama, akamuuliza mpelelezi kama ripoti haiwezi kusema tu kwamba sampuli ilikuwa ndogo mno. Wanunuzi wangeelewa, na Mama angestaafu kwa keki na hotuba. Mutsinzi alimkumbusha kwamba alimwajiri kutafuta jina, na jina limepatikana. Njoroge alikaa, akaanza kuwapigia simu wanunuzi mmoja mmoja, akianza na yule wa zamani kuliko wote.

Scovia alikuwa katika chumba cha kuonjea, akitoa kabatini mifuko ya akiba ya shehena ishirini na tatu. Zote zilipaswa kuonjwa upya, na Shafiq wa Kagugu alikuwa amekubali kuja kuwa jicho la pili. Mutsinzi alimpa nakala ya ripoti, akamwambia aanze na aya ya nane. Aya hiyo ilisema kwamba hakuna sampuli iliyobadilishwa, na kwamba Scovia Mukunde hana hatia ya shutuma aliyoshutumiwa.

Alisoma, akamshukuru. "Murakoze, Afande."

"Soma na ya tisa."

Aya ya tisa ilisema kwamba tangu mwanzo wa mwaka jana Scovia Mukunde alifahamu kuwa mwonjaji mkuu amepoteza uwezo wa kunusa, akanyamaza, na akaendelea kutia saini fomu zake kando ya zile za mwonjaji huyo. Chama kingeisoma aya hiyo kabla ya mtihani wa Agosti. Kingeweza kumruhusu afanye mtihani, na kingeweza kumzuia. Mutsinzi hakujua, na alimwambia kwamba hajui.

Scovia aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Nje, waendesha pikipiki wa Sonatubes walikuwa wakigombania abiria, na sauti zao ziliingia kwa dirisha lililofunguliwa.

"Nilikuwa nalinda jina lake," alisema.

"Ulililinda. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Yeye alinifundisha kushika kijiko. Ningeenda kwa Bosi kusema nini? Kwamba Mama hasikii harufu? Mimi?"

Mutsinzi aliona swali lile halikuelekezwa kwake. Alimpa kalamu, akamwonyesha chini ya ukurasa mahali pa kutia saini kwamba ameipokea. Scovia aliishika kalamu, akaiinamia karatasi, kisha akainuka.

"Tarehe si sahihi, Afande."

"Mama Febronia alisema mwanzoni mwa mwaka jana."

"Hiyo ndiyo siku yeye aliona kwamba najua." Aliweka kidole kwenye mstari. "Mimi nilijua Novemba, tarehe ishirini na nne. Kulikuwa na kikombe kinanuka moshi, mtu yeyote angesikia, na Mama akakisifu. Akasema asali. Nikasema moyoni nitamwambia kesho." Alimrudishia kalamu. "Andika Novemba."

"Inazidi kukuumiza. Inaongeza zaidi ya mwezi mmoja."

"Najua. Andika."

Mutsinzi aliikata tarehe ile kwa mstari mmoja, akaandika nyingine juu yake, na wote wawili wakatia saini pembeni.